Begi la siku moja porini: lipapase ndani kabla hujasoma jina

Watu wananiuliza sana hili swali la begi, hasa likizo ikikaribia na vijana wa huku Kisauni wanataka kwenda kutembea Shimba Hills ama kupanda Kasigau, na wapo wengine wana kibarua cha msimu Tanzania kwenye vitalu vya uwindaji, wote swali ni moja, ninunue begi gani na mfukoni nina thao moja na nusu. Jibu langu halibadiliki. Nenda Kongowea, tafuta begi la mtumba lililoshonewa wawindaji, alafu kabla hujaangalia jina wala hujahesabu mifuko ingiza mkono ndani ulipapase, manake begi linafia ndani, nje litakuonyesha uzuri mpaka siku ya mwisho.

Niseme kwanza nimeyajulia wapi haya, maana Mombasa sio mji wa wawindaji. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, hivo hapa kwetu ukisikia mtu anawinda jua huyo anatafutwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Lakini Tanzania ni halali kwa leseni, kila kampuni na kitalu chake, na askari wa wanyamapori lazima aandamane nanyi. Ami yangu ni mtu wa Tanga, kazi yake ya miaka mingi ilikua kufuata nyayo, ndie alienitia huko nikiwa kijana sina mbele wala nyuma. Bunduki sikushika, nyayo sikujua kuzisoma, mimi kazi yangu ilikua begi. Mgeni anakuja na begi lake la dola mia tatu, asubuhi ya kwanza anatembea nalo mwenyewe kifua mbele, ikifika saa nne jua limeshika anakupa wewe umbebee kidogo, na hio kidogo ndo mpaka siku anapanda ndege kurudi kwao. Kwa hivo nimebeba mabegi ya Wamarekani, ya Wajerumani, ya Wahispania, mazuri na ya kipuzi, ya bei kali na ya bei ya soko, na yote nimeyabeba kwenye jua moja na njia moja, mabega yangu ndio yalioamua lipi begi na lipi mapambo.

Tulikua upande wa Selous, kabla sehemu kubwa haijakatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, siku hizi mle ndani ni kupiga picha, uwindaji umebaki kwenye kile kipande kilichobaki cha pori la akiba. Msitu wa miombo ule, Julai na Agosti majani makavu yamejaa chini, kila hatua inalia. Nyati akikusikia amekwenda, na mkishampoteza hapo mnaweza kutembea masaa mengine matatu kabla hamjamuona tena.

Sasa hapo ndo utajua kelele ya begi ni nini. Kitambaa kile kigumu kinachong'aa, chenye plastiki, kila tawi likikigusa kinatoa ule mlio wa kwaruu, na tawi liko kila mahali. Mabegi ya wawindaji wa kweli yameshonwa kwa kitambaa chenye manyoya madogo madogo kwa nje, ukikipitisha kucha hakisemi kitu. Hio ndio testi yangu ya kwanza hata nikiwa Kongowea kwenye kelele zote zile za makondakta, naliweka begi karibu na sikio nalikwaruza kwa kucha. Utaniuliza, sasa mimi naenda Shimba Hills kutembea na sina haja ya kunyatia nyati, kelele yanihusu nini? Yakhe, ukitaka kumuona palahala, yule swala mkubwa wa pembe zilizopinda nyuma, na Kenya nzima palahala wa porini wako hapo Shimba tu, usiende na begi linalopiga makofi. Na watu wa kuangalia ndege ndo usiseme, ukiingia msitu wa Arabuko Sokoke na begi la kelele yule guide wako atakuangalia kwa jicho baya mpaka utoke.

Ila kitambaa peke yake hakitoshi. Velkro ni adui, kila ukifungua mfuko ni kama umepasua shuka. Vile vishikio vya chuma kwenye zipu navyo vinagongana tin tin tin kila ukipiga hatua, lakini hio ni dawa rahisi, vikate kwa koleo ufunge kamba nyembamba mahali pake, shilingi ishirini imeisha hio. Na maji. Chupa ikiwa nusu maji yanacheza ndani na mlio wake unafika mbali kuliko unavofikiri, ndo maana wageni wengi walikua na ule mfuko wa maji wa mpira wenye mrija unaokaa mgongoni, ukiutoa hewa yote maji hayachezi hata yakibaki kidogo. Mimi binafsi kwa matembezi ya huku kwetu naupenda kwa kuona tu, kwa kuosha siupendi, joto la Mombasa ukiuacha na unyevu ndani siku mbili unaota ukungu mweusi kwenye mrija na huo ukungu kuutoa ni kazi ya adhabu. Chupa ya chuma inanitosha. Na chupa ya plastiki ya dukani usiitie kwenye hesabu kabisa, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na hifadhi za Kenya, watakusimamisha getini. Kwa hivo begi lazima liwe na mfuko wa pembeni ambao chupa nene ya lita moja inaingia na kutoka bila wewe kuvua begi, jaribu pale pale sokoni na chupa yako, usikisie.

Maji pia ndio yatakwambia saizi. Watu wanachagua begi kwa kuangalia umbo, mimi nachagua kwa maji. Jua la huku mtu mzima akitembea kutwa anataka lita tatu, hizo ni kilo tatu tayari, ongeza chakula, koti la mvua, vitu vya huduma ya kwanza, darubini, taa, simu na chaji yake, umefika kilo sita saba hivi kabla hujahesabu begi lenyewe. Mzigo huo unakaa vizuri kwenye begi la ujazo wa lita ishirini mpaka ishirini na tano. Ukienda juu ya thalathini, mwanangu, begi litajijaza lenyewe, nafasi ikiwepo mtu hutia kitu, mara sweta, mara viatu vya pili, mara mchele. Wale wageni waliokuja na mabegi makubwa ndo walikua wa kwanza kunipa. Begi kubwa lina maana kwa yule mwindaji wa milimani kwao huko anaewinda peke yake na kuteremsha nyama mwenyewe mgongoni, kwa Tanzania gari inakuja kuchukua nyama, hakuna mtu anaekutaka ubebe nyati.

Ami yeye alikua na begi dogo la kijani lililochakaa, alipewa na mgeni zamani, na jambo moja tu ndilo lilimfanya asikubali kulibadilisha, lilikua na mfuko mrefu mwembamba kwenye mkanda wa kiuno upande wa kulia. Humo ndo kisu kilikaa. Mnyama akianguka, kama bado ana roho, wale waislamu kwenye timu wanakimbia kuwahi kumchinja ili nyama iwe halali kwa watu wa kambini, na hapo ukianza kuvua begi, kufungua zipu, kutafuta kisu chini ya mikate, basi wewe leo utakula maharage. Ami mkono unashuka, bismillahi, imekwisha. Nimemuona akimpita kijana wa nusu ya umri wake kwa sababu ya ule mfuko. Ndio nasema mifuko sio kuhesabu, ni kujiuliza kile kitu unachokihitaji kwa haraka kiko wapi na mkono unafika ama haufiki. Kwako wewe inaweza kuwa darubini, ama dawa ya pumu, ama kamera. Begi la mifuko kumi na moja ambayo yote iko mgongoni ni sawa na begi lisilo na mfuko.

Rangi nayo. Hapa watu hucheka nikiwaambia, lakini usinunue begi la buluu wala jeusi kama unaenda mahali pana mbung'o. Wale wadudu wanavutwa na buluu na nyeusi, ile mitego yao ya kitambaa utakayoiona imetundikwa porini imeshonwa kwa rangi hizo hizo kwa makusudi. Shimba Hills wapo, Selous ndo kwao. Ukiwa na begi jeusi unatembea na mtego mgongoni, tofauti ni kwamba mtego wako hauuwi, na mbung'o hang'ati begi, anang'ata shingo iliyo juu ya begi. Kaki, kijani cha majani makavu, kahawia, hizo ndo rangi. Alafu lile la madoadoa ya kijeshi, na kwenye mtumba wa wawindaji yako mengi sana na bei yake huwa chini kuliko mengine, ujue kwanini bei iko chini. Mzungu kwao anavaa madoadoa anaenda kuwinda bata hakuna anaemuuliza. Hapa kwetu raia na vitu vya rangi za jeshi ni kesi, na Tanzania vilevile hawana mchezo, pale mpakani Horohoro utatolewa kwenye foleni na utaeleza vizuri sana. Kuna madoadoa yaliochorwa kabisa kama majani na magome ya miti, hayafanani na ya jeshi lolote, lakini askari wa usiku kwenye roadblock hana muda wa kuyachunguza. Mimi siyagusi.

Haya, Kongowea sasa. Kama huijui, ni soko kubwa, sio mboga na maembe tu, upande wa mitumba una viatu, makoti, mapazia, na mabegi yanamwagwa chini kwenye turubai ama yanatundikwa. Mabegi ya wawindaji hayaji kwenye robota lake peke yake, yanakuja yamechanganyika na ya shule, ya laptop, ya watoto, kwa hivo lazima uinue uinue. Robota likifunguliwa asubuhi yale mazuri, kamera wenyewe wanaita, yanawekwa pembeni na bei yake iko juu, thao na nusu mpaka mbili na nusu. Ukija jioni unakuta fagia, yale mabaki, mia tatu, mia mbili, na humo kwenye fagia mara nyingine limelala begi la maana kwa sababu muuzaji ameona klipu moja imevunjika akalihukumu. Klipu ni kitu kidogo. Mikanda mingi ina upana wa kawaida, inchi moja ama robo tatu, fundi yeyote wa mabegi anazo za kukutolea kwenye begi jingine lililokufa. Klipu iliyovunjika kwangu mimi ni habari njema, ndio ya kuteremshia bei.

Kinacholiua begi kwenye pwani hii ni kile nilichosema mwanzo. Karibu mabegi yote ya nailoni na poliesta kwa ndani yamepakwa utando wa poliyurethani wa kuzuia maji. Ule utando unakula unyevu wa hewa pole pole na joto linaharakisha, unaanza kulainika, unanata, kisha unabanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu alieunguzwa na jua. Begi limekaa darini huko Ulaya miaka, likasukumwa kwenye robota likabanwa, likapanda kontena, likashuka hapa bandarini kwenye joto letu, kwa nje jipya kabisa hata lebo haijafifia, ndani limeshaoza. Ndo nasema papasa. Ingiza mkono mpaka chini kwenye kona, sugua kwa kidole gumba, ukitoa mkono unanata ama una ungaunga mweupe, ushajua. Na nusa. Kuna harufu fulani ya uchachu, kama matapishi kwa mbali, samahani kwa unaekula, hio harufu ni ya utando unaokufa na haitoki kwa sabuni wala kwa jua, nimeona watu wakiianika wiki nzima na mke akakataa begi lisiingie ndani.

Sasa sio lazima uliache. Kama kitambaa chenyewe ni kizuri na kila kitu kingine kiko sawa, utando unaweza kuutoa wote, nunua spiriti ya hospitali kwenye duka la dawa, loweka kitambaa kikuukuu, sugua ndani mpaka ibaki nailoni tupu, jaribu kwanza kwenye kona uone rangi haiharibiki, na fanyia nje barazani sio chumbani na sio karibu na jiko. Baada ya hapo begi halizuii maji tena, lakini wewe kwani begi gani huzuia maji kwenye mvua ya Mei? Maji yanaingilia kwenye zipu na kwenye mishono kwanza. Vitu usivyotaka vilowane vitie kwenye ile mifuko ya kukunja mdomo wanayotumia watu wa boti, maisha yanaendelea. Ila bei lipa ya begi bovu, usilipe ya kamera.

Zipu. Nimeona begi la bei ya pikipiki kuukuu likifungwa kwa kamba ya katani kwa sababu ya zipu, mgeni mwenyewe alikua karibu alie. Kwanza tazama jina kwenye kile kichwa kinachoteleza, YKK ni Wajapani na zipu zao zinadumu, ingawa kuandika herufi tatu juu ya chuma hakuna anaeshindwa, kwa hivo usiamini macho tu, ifungue na kuifunga kwa mkono mmoja, kwenye kona hasa, kisha ukiwa umeifunga vuta kitambaa pande zote mbili. Meno yakiachana nyuma ya kichwa, jua meno yenyewe hayana neno, ni kichwa kimepanuka kwa kuchoka. Fundi akikibana kwa koleo kitashika mwezi hivi, dawa yenyewe ni kichwa kipya, mia moja ama mia na nusu kwa fundi. Jino likikatika lakini, ama utepe wa zipu ukichanika, hapo ni zipu nzima na kwenye begi zito fundi atakutoza nusu ya bei ya begi. Zipu ya meno ya chuma huku pwani mimi sitaki hata bure, chumvi ya hewa inaishika inakua ya kijani. Nailoni ndo zipu ya pwani, na ile nene, kwa mlango mkubwa namba nane ama kumi, namba utaikuta nyuma ya kichwa. Nyumbani isugue kipande cha mshumaa mara moja moja.

Mikanda ya mabegani usiangalie unene. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, uachie. Ikirudi haraka iko hai, ikibaki na shimo imekufa, na sponji iliyokufa ukitia kilo saba inakua kamba. Alafu geuza begi uangalie pale mkanda unapoungana na begi, juu na chini, ndo panapobeba kila kitu. Unataka kuona ile mishono mifupi iliorudiwa rudiwa imekua kama kipande kigumu, na mkanda umeingia ndani ya mshono wa begi, haujabandikwa juu yake. Kanyaga begi, shika mkanda kwa mikono miwili, vuta kama unang'oa muhogo. Muuzaji atakupigia kelele, mwambie ami mimi nanunua, kama ni bovu si bora likatike hapa tukiwa wote mashahidi?

Kuna hili la mkanda wa kiuno ambalo vijana wengi wanalidharau, wanaukata kabisa ati wa kizee. Chini ya kilo nne hivi sawa, hauna kazi. Ukifika saba na njia ni ya kutwa, mkanda mpana wenye sponji unaokaa juu ya mifupa ya nyonga unahamisha uzito kutoka mabegani kwenda miguuni, na miguu ndio iliumbwa kubeba. Lakini utafanya kazi tu kama urefu wa begi ni wa mgongo wako. Inamisha kichwa mbele, utapapasa mfupa uliotokeza chini ya shingo, kutoka hapo mpaka usawa wa juu wa nyonga, huo ndo urefu wa mgongo, na hauendi na urefu wa mtu, ami ni mfupi kuliko mimi na mgongo wake ni mrefu kuliko wangu. Ukivaa begi na mkanda wa kiuno ukakaa tumboni, hilo fupi, ukikaa makalioni hilo refu. Na usilijaribu tupu! Kila begi tupu ni tamu. Hapo Kongowea nakwendaga na pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, nazitia ndani na suruali za jinzi za yule muuzaji juu yake, nalivaa nazunguka soko, nainama, nainua mikono. Robo saa. Muuzaji anabaki na simu yangu kama rehani, tunaelewana.

Ukitazama ndani ya mgongo wa begi, unataka kukuta kipande cha plastiki ngumu ama ubao mwembamba wa alumini, bila hicho chupa na darubini zitakuchimba uti wa mgongo. Ukichomoka na kurudi ni sawa, tena bora, wakati wa kufua unautoa.

Kitambaa chenyewe kina namba, utaona 210D, 420D, 500D, 1000D, hio ni unene wa uzi. Watu wanadhani kubwa ndo bora. 1000D ni ngumu kwelikweli lakini ni nzito na inapiga kelele kwenye vichaka, na 600D ya poliesta ya yale mabegi mapya ya madukani mjini inashindwa na 420D ya nailoni nzuri kwenye miba, nimeyaona yote mawili yakipita kwenye mgunga ule ule. Ukikuta imeandikwa Cordura 500D, hilo ni jina la kitambaa kigumu cha nailoni, na utando wa ndani haunati, usiondoke bila hilo begi. Majina kama Deuter, Osprey, Badlands ama Eberlestock ukiyakuta ni alama nzuri lakini na yenyewe yapapase ndani, utando hausomi jina.

Hesabu yake sasa. Begi jipya la dukani hapa mjini la elfu mbili mia tano, lenye kila mfuko na shimo la earphone, kwa kazi ya msimu mmoja porini nimeona mikanda ikiachia kabla ya Oktoba. La mtumba mia nane, kichwa cha zipu mia na nusu, klipu hamsini, kurudia mshono wa mkanda kwa uzi wa nailoni mia mbili, jumla elfu moja na mia mbili na hapo umepata kitu alichokipigia hesabu mtu anaejua mzigo ni nini. Fundi mtafute wa viatu mwenye cherehani nzito, wa nguo sindano yake itavunjika, na uzi wa pamba mkatalie, unaoza kwa jasho.

Ukirudi nalo kutoka porini ama kutoka kuvua kwenye creek ya Mtwapa, lisuuze kwa maji baridi ya kawaida siku hio hio, chumvi ya jasho na ya bahari ndio inayokula vichwa vya zipu. Sabuni ya kipande, brashi laini, Jik usiisogeze, mashine usilitie. Anika kivulini limefunguliwa zipu zote limepinduliwa kichwa chini, jua la moja kwa moja linaichosha nailoni na rangi. Na usilifungie kabatini kwenye mfuko, huko ndo utando unakoozea, litundike mahali panapopita upepo, ukutani sebuleni hata, bora mama watoto akubali.

La mwisho ni bei, na hapa kila mtu na mdomo wake. Mimi sitaji jina la begi hata nikilijua, nikitaja tu inapanda mia tano. Nauliza la shule liko wapi, la mtoto, nalishika lile ninalolitaka mwisho kabisa kama sina haja nalo, namuonyesha klipu, namnusisha ndani, kama linanata namuonyesha na kidole. Akisema elfu moja mia tano nasema mia sita, tunakutana mia tisa, nikiona hashuki namuachia namba yangu naenda zangu kunywa kahawa. Saa kumi na moja jioni watu wanaanza kukunja turubai, na turubai likikunjwa begi zito la wawindaji hakuna anaetaka kulibeba kurudi nalo stoo.